Kuku wa Kampuni Kubwa na Uso Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kuandikwa kwa wino mzito. Nimekuwa mtu maarufu, ila dunia bado haijaarifiwa.

Mambo yalivyokwenda, kwa mpangilio. Saa nne asubuhi nilikuwa dukani kwa dada, natoa nakala za risala ya mahafali ya chuo cha ushonaji. Kurasa tatu, nakala mia mbili. Mashine ya fotokopi ikawa inaendelea na kazi yake, mimi nikafungua habari kwenye kompyuta ya kaunta. Nikaona kuku. Kuku ninaowajua!

Nieleze, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikiwa sipo. Ingiza Kuku ni mchezo wa kompyuta wa bure. Kuku kumi na wawili wanazagaa uani, mvua inakaribia, mwewe anazunguka juu, na mchezaji anatakiwa awaswage wote hadi bandani. Hauna mwenyewe. Msimbo wake, yaani yale maandishi yanayouendesha, uko wazi mtandaoni, na yeyote mwenye nyongeza anaipeleka kwa Mtunzaji, mtu mkali ambaye hakuna aliyewahi kumwona, naye huikubali au huitupa. Miaka sita iliyopita nilipeleka komeo la mlango wa banda. Mistari saba. Lilikubaliwa.

Sasa Kampuni Kubwa, ile ambayo hata bibi yangu anaijua, imetangaza kwamba watafiti wake watautumia mchezo huo kuonyesha mashine yao mpya inayojifunza yenyewe. Watauchukua kama utakavyokuwa Jumamosi hii saa sita mchana. Mashine haitaambiwa lolote, ila kwamba pointi ni kitu kizuri. Itajifunza juma zima, na Jumamosi ya tarehe 15 itacheza hadharani, dunia nzima ikitazama.

Yaani dunia nzima itatazama komeo langu.

Nilimweleza dada. Aliniuliza kama komeo hilo linaweza kunasua karatasi, maana fotokopi ilikuwa inautafuna ukurasa wa pili wa risala na mimi nimeipa mgongo.

Jumanne, 4 Juni

Jioni kwa kina mchumba. Yeye ni msaidizi wa daktari wa meno, mtu wa maneno machache na macho makali. Baba yake ni mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo. Miaka thelathini amekuwa akiwanasa wauza sukari wenye mawe mepesi, na mpaka leo haamini kitu ambacho hakijakaa kwenye sahani. Tangu Januari nasubiri kauli yake kuhusu ndoa yetu. Kila nikienda husema bado anapima.

Leo, baada ya shikamoo, aliniuliza swali ambalo bila shaka alilala nalo. Alitaka kujua kama kuna mtu yeyote ulimwenguni, mbali na dada yangu, anayeifahamu kazi ya mikono yangu.

Ningeweza kuomba muda wa kufikiri. Badala yake nikasema Kampuni Kubwa inaitumia. Mzee akaacha kutafuna. Nikaongeza kwamba nitaonekana. Mchumba akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaongeza tena kwamba nitaonekana mimi mwenyewe, uso huu huu, tarehe 15, si chini ya sekunde kumi, na kwamba aalike watu. Akanikanyaga mguu wa pili.

Mzee akaiendea kalenda ukutani, akaizungushia tarehe 15 duara kwa kalamu nyekundu. Akasema vyema, kijana, siku hiyo tutaangalia wote hapa hapa sebuleni. Nikionekana, kauli ni ndiyo. Nisipoonekana, nirudishe ile futi ya kupimia aliyoniazima, na miguu yangu isikanyage tena zulia lake.

Mlangoni mchumba alinikumbusha kwamba komeo langu huonekana mara moja tu, mwisho wa mchezo, kufumba na kufumbua, na kwamba halina uso. Nikamwambia hayo ni mambo madogo.

Usingizi wa taabu. Si mambo madogo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeiandikia Kampuni Kubwa barua. Nimeifuta mara nne. Ya tano ikawa na hadhi. Niliwajulisha kwa heshima kwamba wanatumia komeo langu bila idhini, na kwamba niko tayari kuwasamehe endapo wataonyesha picha yangu mwanzoni mwa maonyesho, ikifuatiwa na kimya kifupi. Nikaambatisha picha ya pasipoti.

Jibu lilifika baada ya sekunde mbili. Lilinishukuru kwa kupenda bidhaa zao na kuniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha tena.

Nikampelekea mchumba aone nilivyodhulumiwa. Akafungua leseni ya mchezo, akanisomea polepole, kama anavyomsomea mgonjwa masharti ya sindano ya ganzi. Yeyote anaruhusiwa kuutumia mchezo, kuunakili, kuubadilisha na kuuonyesha popote bila kuomba, mradi daftari la wachangiaji lisiguswe. Akaniuliza ni nani aliyekubali masharti hayo miaka sita iliyopita. Nikaiangalia dari. Dari ya kliniki yao ina ufa.

Akashauri niende kwa baba yake nikaseme ukweli, kwamba nilipiga chuku. Eti atanuna mwezi mmoja, halafu yatapita. Ushauri mwepesi kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kutazamwa na mzee huyo juu ya miwani.

Mchana Mtaalamu wa Mvua alipita dukani kutazama printa. Huyu ni fundi wetu wa printa, na ndiye aliyeandika mvua ya Ingiza Kuku. Mvua yote. Mistari mia tisa. Inanyesha kimshazari, inalowesha manyoya, inatiririka mpaka kwenye kioo. Nilimuuliza kama amesikia habari za Kampuni Kubwa. Akasema ndiyo, ni jambo zuri, akaendelea kufuta roli kwa kitambaa. Jambo zuri! Hana hata chembe ya majivuno. Simpendi kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Wazo! Limenijia nikitoboa matundu ya kujalidi. Nimetoboa na mkono wa shati.

Hoja zangu ni hizi. Uani kuna mwewe, lakini hakuna sanamu ya kutishia mwewe. Huo ni upungufu. Sanamu inahitaji uso. Uso ninao.

Nimeitengeneza wakati wa chakula cha mchana. Nimetumia ile picha ya pasipoti, ambayo ilipigwa nukta moja kabla sijapiga chafya, hivyo macho yametoka na mdomo uko wazi, lakini ni mimi bila ubishi. Nimeivisha kofia pana, ile inayotundikwa dukani, na koti lililochanika. Chini nimeweka kibao chenye jina langu kamili, jina la duka na maneno "Mbunifu wa Komeo". Nimeisimamisha katikati ya ua. Urefu wake ni kuku watatu waliosimamiana migongoni.

Kisha nikafikiri kama mtafiti. Mashine haijali sanaa, inajali pointi. Itaupita uso wangu mbio kama watu wanavyompita mgawa vipeperushi. Kwa hiyo nimeongeza mstari mmoja mwishoni: kuku akiigusa sanamu, mchezaji apate pointi moja. Moja tu, wakati kuku akiingia bandani ni pointi kumi. Kwa hesabu yangu mashine itapita pale mara moja au mbili, kama mtu anayepita kusalimia, halafu iendelee na shughuli zake. Sekunde kumi za uso. Mzee ataridhika.

Nimeikagua hesabu hiyo mara tatu. Haina kasoro.

Jumamosi, 8 Juni

Siku ya hatari na ushindi.

Hatari: Mtunzaji ananijua. Amewahi kutupa nyongeza zangu kumi na moja, zikiwemo jogoo anayewika kwa sauti yangu na mwezi wenye namba ya simu ya duka. Akiona jina langu hafungui hata bahasha.

Saa nne Mtaalamu wa Mvua alikuja kumalizia printa. Akatumia kompyuta ya kaunta kupeleka marekebisho madogo ya matone yake, kisha akatoka kutafuta skrubu. Akaunti yake akaiacha wazi, jina lake linang'aa juu ya kioo.

Nikasimama pale. Dhamiri yangu ikanena. Ikaniambia kwamba mambo yakiharibika, lawama zote zitamwangukia yeye. Nikaona dhamiri yangu ina akili mno. Nikaipeleka sanamu kwa jina lake.

Mtunzaji akajibu saa tano na dakika arobaini. Nanakili: "Kibao nimekiondoa, matangazo hayaruhusiwi na wewe unalijua hilo vizuri. Sanamu nimeikubali. Inatisha kwelikweli. Sura hii umeitoa wapi?"

Kibao kimekwenda. Uso umebaki! Saa sita kamili Kampuni Kubwa ikauchukua mchezo na sanamu yangu ndani yake. Nikacheza peke yangu nyuma ya mashine ya kujalidi, mikono juu. Dada akachungulia, akauliza kuna nini. Nikasema nyuki.

Mtaalamu alirudi na skrubu. Akanishukuru kwa kumlindia kompyuta.

Jumanne, 11 Juni

Furaha tupu. Kampuni Kubwa imetoa taarifa. Mashine imekwisha kucheza michezo milioni tatu na kuvunja rekodi zote za pointi zilizowahi kuwekwa na binadamu. Watafiti wanasema hawatazami inachezaje, ili siku ya maonyesho nao washangae pamoja na sisi. Wanatazama pointi tu, na pointi zinapanda kama maziwa jikoni. Inaonekana imegundua mbinu ambayo haijawahi kumpitia mtu yeyote akilini.

Bila shaka ni mambo ya komeo.

Nimejalidi tasnifu ya mteja kichwa chini miguu juu. Dada amesema ama nina homa ama nina siri. Nikamwambia atajua Jumamosi, ataomba radhi mbele ya watu.

Alhamisi, 13 Juni

Maandalizi. Kinyozi alitaka kunipunguza masharubu, nikamkatalia katakata. Lazima nifanane na sanamu.

Mzee amealika wastaafu wenzake wanne wa idara ya mizani, na Mtaalamu wa Mvua pia, kwa kuwa aliwahi kumtengenezea mizani ya chapa ya zamani na hakuzidisha neno. Amenunua saa ya kupimia mbio. Sekunde kumi ulizosema, akaniambia, nitazihesabu mwenyewe.

Mchumba aliniuliza kwa upole, mara ya mwisho, kama kuna jambo nataka kumwambia. Nikamwambia avae lile gauni la bluu.

Jumamosi, 15 Juni

Nitajaribu kufuata mpangilio.

Saa kumi jioni. Sebuleni: Mzee kwenye kiti chake na saa mkononi, wastaafu wanne kwenye kochi moja, Mtaalamu kwenye kigoda na soda yake, mchumba mlangoni na gauni la bluu. Mimi nimesimama kando ya televisheni, ili watu waweze kulinganisha.

Mtafiti mkuu wa Kampuni Kubwa, mwanamke mwenye koti la kijivu na sauti ya utulivu, akaeleza kwamba tutakachoona hakikufundishwa na mtu. Akabonyeza. Ua ukatokea. Mwewe. Mawingu. Na katikati, mimi. Macho pima, mdomo wazi, kofia.

Mzee akaegemea mbele, akaitazama televisheni, akanitazama mimi, akabonyeza saa. Akasema huyu kweli ni yeye. Wastaafu wakapiga makofi. Dakika tamu kuliko zote maishani mwangu. Ilikuwa nukta nne.

Kuku wa kwanza akaja mbio, akaigusa sanamu kwa kichwa. Pointi moja. Vizuri, nikasema, sasa anaenda bandani. Hakwenda. Akarudi nyuma hatua moja, akaigusa tena. Na tena. Akaja wa pili. Wa tatu. Wakaja wote kumi na wawili, wakanizunguka, wakaanza kunibamiza usoni kwa zamu, kama watu wanaogonga mlango wa ofisi iliyofungwa mapema. Tik, tik, tik. Pointi zikawa hazisomeki kwa kasi.

Mvua ikanyesha. Mvua nzuri, lazima niseme. Kuku wakalowa chapachapa. Banda liko wazi, kavu, hatua nne tu, na hakuna aliyeligeukia. Mwewe akashuka akamchukua mmoja. Kumi na mmoja wakaendelea. Akachukua wa pili. Kumi wakaendelea, na mimi palepale, mdomo wazi, napokea.

Mstaafu mmoja alianguka kutoka kwenye kochi kwa kicheko, na hakuinuka, aliendelea kulekule chini. Mtafiti mkuu alikunywa maji. Kisha akakunywa tena. Hatimaye akasema, kwa sauti ile ile ya utulivu, kwamba kama tunavyoona, mashine imeipenda sanamu.

Ikaendelea hivyo dakika arobaini na moja. Komeo langu halikuonekana hata mara moja, kwa kuwa hakuna aliyefika mlangoni.

Mwishoni mtafiti mkuu naye akawa anacheka, anajifuta machozi. Akasema huu ndio utafiti mzuri kuliko wote walioufanya mwaka huu, kwa sababu unaonyesha wazi kwamba mashine haifanyi unachotaka, inafanya unachoilipa pointi. Akasema anataka kumshukuru mtu mwenye akili aliyeutega mtego huu makusudi. Wakafungua daftari la wachangiaji. Jina likajaa televisheni nzima.

Jina la Mtaalamu wa Mvua.

Wote wakamgeukia. Soda ikasimama hewani. Akasema hapana, mimi sikuandika hiyo. Akaitazama sanamu. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama sentimita thelathini kutoka kwenye sanamu. Uso wake ukafunguka taratibu.

Mimi nilikwenda kutafuta skrubu, akasema.

Mzee akabonyeza saa, akaandika kitu kwenye kijitabu. Mimi nikaaga kwa kisingizio cha tumbo, nikagonga mguu kwenye kigoda, nikatoka.

Jumapili, 16 Juni

Nimeitwa. Nilikwenda na ile futi ya kupimia mfukoni, tayari kuirudisha.

Mzee alikuwa na kijitabu wazi mezani, na mizani yake ya shaba ya zamani, sahani tupu. Akaniambia nikae. Akasema kwamba katika miaka thelathini amekamata watu mia nne na kitu, na wote, bila kumbakisha hata mmoja, walikuwa na kosa moja. Walipima pungufu. Walitangaza kilo, wakatoa robo tatu. Mimi nilitangaza sekunde kumi. Akaweka kidole kwenye kijitabu. Nimetoa dakika arobaini na moja na sekunde ishirini. Hajawahi kuona. Hilo, akasema, ni sahani ya kwanza.

Nikaanza kutabasamu. Akaniambia nifunge mdomo, ameuona vya kutosha jana.

Sahani ya pili ni jina la mwenzangu. Uliweka uso wako ukaufunika kwa jina la mtu, akasema, na ulifanya hivyo ili yeye aumie. Mwuza sukari angalau anatumia mawe yake mwenyewe. Basi nimwandikie Mtunzaji, nimwandikie na huyo mama wa Kampuni Kubwa, nimweleze fundi ana kwa ana, kabla ya Jumanne jioni. Mizani ikikaa sawa, kauli ni ndiyo. Isipokaa sawa, nimwachie futi yake pale.

Nikauma midomo. Kwa mara ya kwanza katika shajara hii sikuwa na mpango.

Mchumba alinisindikiza. Nilidhani atalia au atanipiga. Akasema ametazama kwa dakika arobaini na moja mwanamume anayetaka kuzeeka naye akipigwa vichwa na kuku, na tangu azaliwe hajacheka vile. Jirani amekuja kuuliza kama kuna msiba. Halafu akaacha kucheka, akanishika mkono wa shati pale nilipotoboa. Akasema kaandike hizo barua, tafadhali, mimi sitaki kuanza upya na mwingine.

Jumanne, 18 Juni

Nimeandika zote. Ukweli mtupu, bila kiambatisho.

Mtaalamu wa Mvua nilimfuata karakanani kwake. Nilijiandaa kwa lolote. Alinisikiliza akiwa amelala chini ya printa, miguu tu ndiyo inaonekana. Akasema alijua tangu Jumamosi, kofia ile ni ya dukani kwetu. Amekwisha kuiandikia Kampuni Kubwa kwamba si yeye. Akaomba nimpe bisibisi ndogo. Nikampa. Akasema sawa, yameisha. Ni mtu wa ajabu sana. Nadhani nimeanza kumpenda, inaudhi.

Mtafiti mkuu amejibu, safari hii mtu kweli. Ananishukuru. Tukio litaandikwa kwenye makala yao kama Kosa la Sanamu, na picha yangu itawekwa. Mtunzaji naye amejibu, mstari mmoja. Amenifungia mwaka mzima, na amesahihisha daftari. Nimelifungua mara tisa kulitazama. Jina langu kamili, na mbele yake: "Sanamu. Amefungiwa." Jina langu kamili!

Saa kumi na moja Mzee akazisoma barua zote kwa miwani na bila miwani. Akaweka jiwe kwenye sahani hii, jiwe kwenye sahani ile. Zikatulia. Akasema ndiyo. Harusi ni Agosti. Mchumba alinikanyaga miguu yote miwili kwa furaha. Mzee ameniachia futi, niitunze.

Nina amani. Nimejifunza, na hapa nayaandika niliyojifunza ili yasinipotee.

Kampuni Kubwa nyingine, mpinzani wa ile, imetangaza leo kwamba itaonyesha mashine yake kwa kutumia Panga Mizigo, mchezo wa bure wa ghala la bandari. Watauchukua Ijumaa saa sita. Nimeutazama. Ghala lina ukuta mmoja mkubwa, mweupe, mtupu kabisa. Ukuta unaofaa kwa mwaliko wa harusi, na picha ya maharusi wawili.

Kufungiwa kwangu ni kwa Ingiza Kuku tu. Hata hivyo, kwa tahadhari, sitatumia jina langu: mchumba amesahau kompyuta yake dukani, na akaunti yake iko wazi.

Nimepitia hesabu ya mara ya kwanza na nimeliona kosa. Pointi moja ilikuwa ndogo mno. Ndiyo maana mashine ililazimika kurudia rudia. Safari hii naweka elfu.